Bosi Yule Yule, Busia na Tororo

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi hapa Masafu tuko wazima. Bibi yako amevuna karanga, na goti lake limetulia.

Umeuliza ipi bora kati ya zile komedi mbili za ofisini: ya Waingereza, au ile Wamarekani waliyoiga kwao. Nimezitazama zote. Bosi wa Kiingereza hunitia aibu kwa niaba yake. Wa Kimarekani ana makosa yale yale, ila nampenda. Zote mbili nazivulia kofia.

Nilipokuwa mwandishi kijana wa gazeti, rafiki yangu Wandera aliigiza bosi wa ofisi, Busia upande wa Kenya. Mchuuzi wa samaki alipokuja kuomba kibali, bosi alimkatiza kabla hajasalimu. Ukumbi ulivunjika mbavu. Tukavuka mpaka na mchezo ule ule hadi Tororo, Uganda. Wandera alikuwa ameapa kuacha uigizaji wasipocheka, na hawakucheka. Mama mmoja mstari wa mbele alisema, "Huyu mtoto nani alilea? Hata kusalimia hajui!"

Kesho yake, badala ya kutimiza kiapo chake, Wandera alibadilisha kitu kimoja. Bosi alimsalimia mchuuzi: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za jirani, mpaka samaki wakaanza kunuka. Watu walicheka wakipiga viti. Yule mama, aliyekuwa amerudi, alipangusa machozi. "Leo anasalimia muzuri," akasema. "Lakini bado ni mjinga."

Wandera alimsikia akiwa nyuma ya pazia. Akaniomba niyaandike maneno hayo gazetini bila kuongeza hata moja.

Babu yako