Upele wa Koplo

Takaba, Jumatatu, 12 Agosti 1996
Zahanati imejaa tena. Watoto wa kuhara, macho yamezama. Nimerudi alasiri, miguu imevimba. Koplo hakuja kunipokea. Nimemkuta nyuma ya choo, anajikuna hadi damu. Masikio hayana manyoya. Viwiko vimekuwa vigumu, vya kijivu. Ananuka mafuta yaliyochacha. Mbwa huyu aliachwa na koplo wa polisi aliyekaa chumba hiki kabla yangu. Nikambandika cheo cha bwana wake. Hapa hakuna mwingine ninayesema naye Kitaita.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimemwogesha kwa maji niliyofulia. Nusu karai tu. Mama Abdi, mwenye nyumba, alisimama mlangoni kwake akitazama. Gari la maji halijaonekana wiki hii.
"Sista, mbuzi yangu nakufa na kiu. Wewe naosha mbwa?"
Maji yalikuwa ya sabuni, mbuzi asingeyanywa. Niliona aibu, halafu hasira. Koplo hakupata nafuu yoyote.

Jumamosi, 17 Agosti
Afisa wa mifugo anasema ni vijidudu vinavyochimba ngozi. Dawa hana. Hata ya ngamia imekwisha.
"Waambie polisi wampige risasi, sista. Anateseka."
Ni kweli, anateseka. Nimekataa. Njia nzima ya kurudi ni mizoga ya ng'ombe. Nimeziba pua kwa leso.

Jumatatu, 19 Agosti
Vipele kwenye vifundo vya mikono. Vyangu, safari hii. Kabati la zahanati lina mkebe mmoja wa marhamu ya salfa. Nimeushika. Nje, foleni ya watoto wenye upele. Nimeurudisha. Namchukia mbwa. Namchukia kila anayeniomba kitu.

Jumatano, 21 Agosti
Fisi ameingia uani jua halijazama. Njaa imewaondolea woga. Zamani Koplo angemtimua. Leo amebweka mara moja, akaketi kujikuna. Fisi ameondoka na mbuzi wa maziwa, yule aliyekuwa akimlisha kitinda mimba wa Mama Abdi. Mama Abdi alitoka na ufagio. Alifagia damu.

Alhamisi, 22 Agosti
Alfajiri Mama Abdi amebisha. Nilidhani anakuja kunifukuza. Mkononi chupa ya mafuta ya simsim, na unga wa salfa ndani ya karatasi, mabaki ya dawa ya ngamia wao. Ngamia wenyewe walishakufa.
"Mpake. Bado mbuzi tatu. Mbwa akikufa, fisi namaliza."
Alijizungushia gunia mikononi, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi kwake, akamshika Koplo kichwa. "Bismillahi," akasema. Nikapaka kuanzia masikioni hadi mkiani. Koplo alilia kama mtu.

Alhamisi, 5 Septemba
Tumempaka tena. Magamba yanadondoka. Anakula ugali. Jana jioni alimkimbiza fisi hadi barabarani. Mama Abdi akacheka. Sikujua ana mwanya. Mikono yangu inapona.
Lakini mbuzi wawili wamekufa. Si fisi. Majani hakuna, wamekuwa wakitafuna maboksi.

Jumatano, 18 Septemba
Mbuzi wa mwisho ameanguka zizini. Hakuinuka. Mama Abdi aliwahi kumchinja ili asife kibudu. Nyama haikujaza sufuria. Alinipa kipande, nikashindwa kukikataa na nikashindwa kukimeza. Mumewe ametuma ujumbe kutoka Rhamu: njooni mtoni, kuna vibarua vya shamba.
Sijamwambia asiende. Nilitaka.

Jumapili, 29 Septemba
Wameondoka leo na lori, mikeka na watoto juu ya magunia. Mama Abdi amenikabidhi ufunguo wa chumba chake.
"Walaal, Mungu akulinde," alisema. Walaal, ndugu. Miaka miwili amekuwa akiniita sista, kama wagonjwa wote.
Nimefagia ua. Koplo amelala kivulini tangu asubuhi. Manyoya mapya yameota mgongoni, laini, mafupi. Hajajikuna hata mara moja. Zizi liko wazi. Fisi hawaji tena, hakuna cha kuwaleta.
Nimechemsha chai. Nimekunywa peke yangu.