Upande wa Kushoto

Jumapili, 3 Agosti 2025

Misa ya kwanza. Kurudi nimekuta pikipiki kubwa mlangoni na kijana sebuleni, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Feisal. Ametokea Tanga, amefungua jimu kule Maisaka. Ameniamkia vizuri, shikamoo mama, kisha akamgeukia mume wangu Ludovick. Sijawahi kuona kijana anamwangalia mzee namna ile.

Anataka kufanya siku ya kuwaenzi wapiganaji wa zamani. Wale wa karate ya kupigana kweli, na kikiboksi ilipoanza anza huku kwetu. Anasema vijana wake wanajua kujipiga picha tu. Anataka waone mguu ulioiva kwa kupiga mgomba.

Na mwisho kabisa, raundi tatu za maonyesho. Ludovick na Aniceti wa Sigino. Shoka la Bagara na mpinzani wake wa enzi zile.

Nikasubiri Ludovick aseme habari ya kichwa. Mwaka jana tulimpeleka Arusha, mimi na binti yetu Hope, akapigwa picha. Daktari akatuonyesha kwa kalamu: damu ilivujia ndani, upande wa kushoto. Imekauka, lakini mzee huyu asipigwe hapo tena. Hata kofi.

Ludovick hakusema. Aliuliza tarehe tu. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu.

Ana miaka sitini na tatu. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi yameanza, nyuma ya nyumba. Mshika pedi ni mimi. Nani mwingine? Nimeacha magauni mawili ya komunyo kwenye cherehani.

Mguu wa kulia bado upo. Lazima niandike ukweli. Unatoka kiunoni, unazunguka, unashuka kwa juu kama mtu anapasua kuni — ndiyo maana ya lile jina. Pedi ikanigonga kifuani. Lakini mkono wa kushoto haurudi usoni. Ukitoka unabaki nje. Kichwa kiko wazi kabisa.

Nikamwambia, rudisha mkono. Teke lililofuata likapita chini ya pedi, likanipata pajani. Akasema ameteleza.

Ludovick hatelezi. Nimeishi naye miaka thelathini na mitano, najua teke lake lililoteleza na lisiloteleza.

Nimekaa na paja langu nawaza ukumbi wa zamani, mwaka 1989. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sakafu ya saruji, juu yake turubai. Hakuna kofia za kukinga kichwa, miguuni wamefunga vipande vya shuka. Ludovick na Aniceti, raundi tano. Raundi ya tatu Aniceti alivunjika pua. Akainyoosha mwenyewe kwa vidole viwili, akamtikisia refa kichwa — tuendelee. Hakuna aliyeanguka. Refa akainua mikono yote miwili. Mikono ya Aniceti ilikuwa imevimba hata hawezi kufungua mkanda wake, Ludovick akapiga magoti akamfungulia kwa meno. Watu wazima walilia. Sijaona kitu kizuri kama kile mpaka leo.

Mwaka uliofuata nikaolewa na mguu ule.

Jumamosi, 9 Agosti

Feisal kaja na simu yake na taa ya kuweka kwenye kijiti. Anarekodi video za kutangaza shughuli. Vijana wanne wa jimu nao wamekuja, wamejaa sebuleni. Nikapika chai ya maziwa na maandazi.

Ludovick alisema vizuri mwanzoni. Akaeleza walivyojaza maranda ya mbao kwenye magunia ya katani. Walivyokimbia mpaka mguuni mwa mlima Kwaraa na kurudi kabla ya kengele ya shule. Hata mimi nimesimama na birika nasikiliza. Akasema mpiganaji wa zamani alikuwa anamheshimu mtu aliyempiga kuliko mtu aliyempongeza. Feisal akafuta jicho. Kweli, akafuta.

Kisha akamuuliza, mzee, vifaa mlitoa wapi enzi hizo?

Ludovick akaninyooshea kidole. "Begi langu la kwanza la mazoezi ni huyu hapa. Na halijachanika mpaka leo."

Wakacheka. Wote. Feisal alicheka mpaka taa ikayumba. Nadhani walidhani ni utani wa wazee.

Nikamimina chai. Kidole changu cha kati cha mkono wa kushoto hakikunjiki, ni cha mwaka 1994, siku niliyochelewa kufungua mlango. Sikio la kulia halisikii, ni la 1996. Nilizunguka nikiwapa vikombe kwa mkono huo huo. Asante mama, asante mama.

Jumatano, 13 Agosti

Video imeenda kila mahali. Kwenye kikundi cha jumuiya yetu ya WhatsApp wameweka vicheko na makofi. Nimekwenda sokoni kununua mbaazi, muuzaji akanipunguzia bei kwa furaha akasema, Mama Begi, na wewe umekuwa maarufu. Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akanipapasa mgongo, kupima kama kweli sijachanika.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linaloniuma.

Jioni Hope kapiga simu kutoka Dodoma. Kaiona. Hakucheka. Akasema baba asipande ulingoni, nimweleze Feisal habari za kichwa. Nikamwambia baba yako ni mtu mzima, ataeleza mwenyewe. Akasema basi angalau mwambie Baba Eliya, huyo huyo Aniceti, yule ana akili.

Nikasema nitamwambia.

Jumapili, 17 Agosti

Baba Eliya — Aniceti — amekuja mwenyewe. Ludovick alikuwa Maisaka anapigwa picha za bango. Sijui kama alichagua saa hiyo makusudi.

Amezeeka vizuri. Analima mahindi na alizeti, mkono mgumu, sauti ya chini. Pua imekaa upande tangu ile 1989. Aliniletea kuku. Hakugusa chai mpaka aseme alichokuja nacho.

Akasema hataki raundi tatu hizi, amekubali kwa sababu akikataa yeye, Feisal ataweka kijana, na kijana hatajua kuzuia mguu. Amemwona Ludovick kwenye video. Ameona anavyogeuza shingo akiitwa, anavyotafuta maneno. Kuna kitu kichwani, sivyo?

Nikasema kipo.

Akavuta pumzi. Akasema watu watataka kuona teke la kichwa, bila hilo watazomea. Atapiga mawili matatu ya kugusa tu, ya picha.

"Niambie upande upi ni mzima, Mama Hope. Nipige huko huko, ule mbovu nisiukaribie kabisa."

Nilikuwa nakunja kitambaa cha meza. Nakumbuka nilikikunja mara nne.

"Kulia ndiko kubaya," nikamwambia. "Wewe piga kushoto."

Akarudia, kushoto. Akajigusa upande wa kushoto wa kichwa chake, ili asisahau. Akanishukuru. Akasema Mungu akubariki kwa kumtunza yule mtu, sisi tuliocheza naye tunajua si kazi ndogo.

Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Sitaki kuandika nilichowaza. Sikuwaza kitu. Maneno yalitoka yenyewe, na yalipotoka sikutaka kuyarudisha.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemshonea suti mpya nyeupe ya karate. Leo kajaribu. Inamkaa. Akajiangalia kwenye kioo cha kabati muda mrefu. Mkanda ukamshinda kufunga, akaja mpaka kwenye cherehani akasimama mbele yangu, mikono ameiinua kama mtoto wa chekechea. Akaniita mama. Si Mama Hope. Mama.

Nikafunga. Akasema, wakinipiga usilie.

Nilitoka nje nikampigia Baba Eliya. Hapatikani. Huwa yuko shambani na kule mtandao unakata. Ningeweza kumtuma bodaboda Sigino, ni karibu. Ningeweza kupiga tena jioni.

Nimemalizia pindo la suruali.

Jumamosi, 23 Agosti

Hospitali. Anapumua. Siwezi kuandika.

Jumapili, 24 Agosti

Nimerudi kuoga. Naandika ili nisichanganye.

Ukumbi ulijaa, wengine madirishani. Feisal aliwapanga wazee saba mbele kwenye viti, akawavisha mashada, akawataja mmoja mmoja na mapigano yao. Mmoja haoni kabisa, alipigiwa makofi akawa anapungia ukuta. Mwingine alisimamishwa na wajukuu. Vijana wa jimu waliinama mbele yao mpaka chini. Ilikuwa heshima ya kweli, siwezi kusema sivyo. Mimi nilipewa kiti cha mbele na kitenge. MC akasema na begi letu lipo hapa, lisimame tulione. Nikasimama.

Raundi ya kwanza walicheza. Baba Eliya akagusa, kushoto, taratibu, kama anafuta vumbi. Watu wakapiga makofi kidogo. Baadaye wakaanza kuzomea. Wakaimba, pi-ga-na, pi-ga-na. Vijana wale wale walioinama.

Raundi ya pili Ludovick akavunja makubaliano. Nilimwona uso ukibadilika, nimeuona uso ule mlangoni kwangu mara nyingi. Akapiga kweli. Ubavuni. Baba Eliya akakunjika. Tena. Na ghafla miguu ikawa ile ya zamani, mabega yameshuka, anamzunguka, anakata njia, lile shoka linashuka — jamani! Miaka yote ilimtoka. Nilijikuta nimesimama juu ya kiti. Napiga kelele jina lake. Mimi. Machozi yananitoka kwa furaha, kitenge kimeanguka, na kwa dakika ile nilimpenda kama siku ile ya turubai, ningempa kidole kingine.

Akapiga la tatu. Mkono wa kushoto ukabaki nje.

Baba Eliya alishaumia, hakufikiri, mwili ulijibu wenyewe. Mguu wake ukatoka kwa nguvu zote. Lakini hata kwa hasira ile alikumbuka upande. Nilimwona akigeuza kiuno makusudi, akakwepa kulia, akapeleka kushoto.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Kama kufunga kitabu.

Watu walishangilia kwanza. Walishangilia sana, mpaka walipoona haamki, na suti nyeupe niliyomshonea inalowa chini.

Jumatatu, 25 Agosti

Upande wa kulia wote umekufa. Hasemi. Daktari anasema atajaribu kumpeleka Arusha akitulia, asipotulia basi.

Nimemlisha uji kwa kijiko kidogo. Ukamtoka mdomoni ukashuka shingoni. Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nilimwangalia kwanza, muda wa kutosha, ndipo nikamfuta. Macho yake yananifuata kila ninapokwenda. Sijui yanajua nini.

Feisal yuko kwenye korido, hajabadilisha nguo. Aliniuliza kwa nini hatukumwambia. Nikamjibu mzee alikuwa mtu mzima. Akapiga magoti akanishika miguu. Nikamwacha hapo nikaenda kumwaga maji ya beseni.

Watu wananipa pole kwa kunikumbatia. Hakuna aliyeniita begi.

Jumanne, 26 Agosti

Hope amefika na basi la asubuhi. Alikwenda moja kwa moja wodini, amerudi macho yamevimba. Hakuniuliza chochote. Amefagia nyumba yote.

Mchana huu Baba Eliya amekuja. Anatembea ameshika mbavu. Hakukaa mpaka Hope alipomvutia kiti. Akasema hapati usingizi, anataka kuelewa jambo moja. Aliahidi kutogusa upande mbovu, na anaapa mbele ya Mungu hakuugusa. Kwa nini basi?

Nikasema ngoja nilete chai, nikaingia jikoni. Daftari lilikuwa kwenye kabati la vyombo. Naandika nimesimama. Kati yetu ni pazia tu, nimegeuza sikio zima.

Anamwuliza Hope, maskini, kwa upole. Daktari wa Arusha alisemaje hasa, mwanangu?

Hope anajibu, kushoto, baba. Damu ilikuwa kushoto.

Anasema, hapana. Kulia.

Hope anasema kushoto. Nilikuwepo. Mama naye alikuwepo, ndiye aliyeshika ile picha.

Chai imechemka, imemwagika kwenye moto. Nasikia Baba Eliya akihema, kwa shida, kwa sababu ya mbavu. Hajataja jina langu. Anaweza kusema alisahau, alichanganya, wazee wanachanganya. Naona kama ananipa nafasi niseme mwenyewe. Au bado anahesabu.

Kiti kimesogezwa. Ni Hope, naijua miguu yake. Amesimama upande wa pili wa pazia, kidole kimeshika ukingo wa kitambaa, hafungui.

"Mama," anasema. "Ulimwambia upande gani?"