Walinitafuta Kwenye Picha

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile? Huku Mbalizi tu wazima. Babu yako anakohoa kwa baridi, lakini shamba la viazi haliachi. Mdogo wako ameota jino.

Umeniuliza kama nami nilikuwa naona aibu shuleni kwa mguu wangu mfupi, kama wewe kwa doa lako la shavuni. Niliona, mama, tena sana.

Miaka ile ya hamsini vitabu vilikuwa havitoshi, kwa hiyo mwalimu wetu akaniomba niwachoree darasa la kwanza kitabu cha picha za wanafunzi wa shule yetu. Nilijua kuchora, bwana! Nikawachora wenzangu wote. Mimi nikajichora nimesimama wima, miguu sawasawa.

Wale wadogo walifunua kurasa wakitaja majina kwa kelele. Walipofika kwangu wakanyamaza.

“Huyu ni nani?” mwalimu akauliza.

“Mgeni,” akajibu mmoja.

Msichana mdogo akafunua tena mpaka mwisho, akaanza kulia. “Mbona dada Tumpe hayumo?”

Mwalimu akanipa penseli. Nikajichora upya, na mguu wangu na fimbo yangu ya kutembelea.

“Ndiye huyo!” wakapiga kelele, wakagombania kushika ukurasa ule.

Nilitoka pale nikichechemea katikati ya uwanja, mimi niliyekuwa nimezoea kupita pembeni.

Nitumie picha yako, mama. Usigeuze shavu. Nataka nikuone wewe.

Bibi yako,
Tumpe