Mguu Ulionyooshwa Kitabuni

Mfaranyaki,
Songea.
9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Natalia,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako imefika pamoja na kifurushi. Leo natimiza miaka hamsini na miwili tangu nilipopanda lori la mahindi pale Mbulu mjini nikaiacha Nambis yetu, nikiwa na miaka kumi na minne. Niliikumbuka tarehe asubuhi nilipokuwa nafunga kiatu.

Hujambo? Na wajukuu zangu hawajambo? Kifua cha baba yako kimepata nafuu, au baridi ya Nambis bado inamsumbua? Na ninyi mlioko Katesh, mvua zinanyeshaje? Tangu lile tope liliposhuka kutoka mlimani, kila redio ikitaja Hanang mimi huacha ninachofanya nikasikiliza mpaka mwisho.

Mimi sijambo. Nyonga inauma wakati wa mvua, lakini macho bado yanasoma. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamebeba vizuri. Jirani yangu Restituta, yule mama uliyemsifia mboga yake ya matembele, anakusalimu. Mjukuu wake Oliva, yule wa magongo, sasa yuko darasa la nne. Nina habari yake, nitakuambia mbele.

Kitabu chako cha watoto nimekisoma. Nilikisoma mara mbili, kwanza kama baba yako mdogo, kisha kama msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa, maana ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Karatasi ni nzuri na kimeshonwa vizuri, hakikugandishwa kwa gundi tu. Mchoraji amemchora bibi yako akiwa ameinama mlangoni kama alivyokuwa anainama kweli, na moshi unatoka pale unapotakiwa kutoka. Makosa ya chapa niliyaona mawili tu. Juu ya jalada pameandikwa kwamba hiki ni kisa cha kweli cha baba yako mdogo Maximilian.

Hayo ndiyo mazuri, Natalia, na sikupenda kuyapita bila kuyataja. Sasa nataka kusema la pili.

Mwaka juzi ulipokuja huku kwenye semina ya walimu, ulikaa nyumbani kwangu siku tatu, simu yako ikiwa juu ya meza inarekodi. Uliniambia kwamba watoto wenye ulemavu katika shule zenu hawajawahi kujiona kitabuni, isipokuwa wakiwa ombaomba au wakiwa adhabu ya mtu fulani. Nilikubaliana na wewe. Katika maisha yangu nimesahihisha vitabu vingi vya watoto, na mtoto kilema katika vitabu hivyo huwa na mwisho wa aina mbili: afe au apone. Kubaki hivyo alivyo na kuendelea kula, kusoma, kugombana na wenzake, hilo halimo. Ndiyo maana nikakuomba kitu kimoja. Nilikuambia, nichekeshe unavyotaka, ninenepeshe, nifanye mwizi wa sukari, ila mguu wangu huu uliopinda usiunyooshe. Ukacheka ukasema, "Mguu siugusi, baba mdogo. Nikiugusa unikatae."

Acha nikukumbushe nilichokueleza, kwa sababu mama yako ameshafariki, na baada ya mimi hatakuwepo mwingine wa kukisema.

Nilikuwa na miaka kumi. Wazee wa kwao mama yako walikuja kutoka Dirma kujibu posa ya baba yako. Nyumbani kwetu waliogopa. Walisema hawa ni watu wa ng'ombe, wanakagua ukoo kama wanavyokagua zizi, wakiona mguu mmoja umepinda watauliza mingine imepindia wapi. Basi nikapandishwa darini, nikalazwa juu ya magunzi na mahindi. Bibi yako alinipa kipande cha boga ili mdomo uwe na kazi. Babu yako akaniambia, "Ukikohoa, kaka yako atakosa mke." Na aliyeondoa ngazi ni baba yako.

Sikukohoa. Nililala kifudifudi nikichungulia kati ya fito. Mazungumzo yalipokwisha, mzee mmoja wa Dirma, mjomba wa mama yako, akashika kibuyu cha pombe ya asali awabariki watoto wa nyumba ile. Akaomba atajiwe majina. Babu yako akataja, akianza na baba yako: Hermani, Marieta, Yonas, Evaline. Yule mzee akauliza, "Ndio wote?" Baba yako ndiye aliyejibu. Alisema, "Ndio wote."

Mzee akanyunyiza, jina kwa jina. Mimi nikaendelea na boga langu.

Mama yako alipoletwa, asubuhi ya kwanza alinikuta nimekaa mafigani nachochea uji. Akamwuliza bibi yako, "Na huyu ni wa nani?" Bibi yako akajibu kwa sauti ndogo, "Ni wetu." Mama yako akasema, "Mjomba alibariki wanne. Huyu wa tano nani alimbariki?" Ndipo akamgeukia baba yako. Alikuwa bibi harusi wa siku moja, Natalia, na akasema mbele ya mama mkwe: "Mlituogopa sisi? Kwetu ndama mwenye mguu mbovu hafichwi. Anafungwa karibu na mlango, mtu asimsahau akitoka na maji." Kisha akaniangalia mimi, akasema, "Wewe ndama, sogea, uji unaungua."

Aliniita ndama mpaka siku aliyokufa. Ningekuwa nimeitwa hivyo na mtu mwingine ningerusha jiwe.

Akamtumia mjomba wake habari. Yule mzee akarudi peke yake kutoka Dirma, safari ya siku nzima kwa miguu. Hakugomba na mtu. Aliomba kibuyu, akaniweka mbele yake, akanyunyiza kichwani, halafu akainama akaunyunyizia na mguu wenyewe, ule wa kushoto. Akasema, "Na wewe ni wa nyumba hii." Mguu ulibaki kama ulivyokuwa. Hakuna mtu pale aliyetegemea uwe vinginevyo. Baraka ilikuwa ya kuhesabiwa. Na mwezi uleule mama yako akamsumbua babu yako mpaka nikaandikishwa shule.

Hicho ndicho kisa nilichokupa. Sasa angalia ulichokichapa.

Katika kitabu chako Maksi, yaani mimi, ana homa siku ya posa, ndiyo maana yuko darini, penye joto. Kaka yake anampandishia maziwa huku akilia. Ngazi haikuondolewa na mtu. Mzee wa Dirma anapanda mwenyewe, anaunyunyizia mguu, na mguu unanyooka. Ukurasa wa mwisho Maksi anacheza ngoma harusini, amevaa viatu viwili vinavyolingana. Mama yako, aliyeokoa kila kitu kwa maneno yake mwenyewe, amebaki picha moja ya mwanamke anayetabasamu. Hana hata sentensi.

Nilikaa na kitabu magotini muda mrefu. Oliva akaja, akakiomba, nikampa. Sikufikiri. Alikisoma chote amekaa kizingitini, magongo yake yameegemea ukuta wangu. Kurasa za mwanzo alifurahi mno, akaninyooshea ile picha ya mguu uliopinda akasema, "Babu, huyu ni mimi na wewe." Alipofika mwisho akaweka kidole kwenye picha. Akautazama mguu wangu, akarudi kwenye picha, kisha akauliza, "Sasa mbona wako haukunyooka?" Nikamwambia mwandishi alipenda hivyo. Akafikiri, akasema taratibu, "Au mimi na wewe hatukuombewa vizuri?"

Natalia, wewe ni mwalimu. Hilo swali nimeshindwa kulibeba, nakuletea ulibebe na wewe.

Nilimsimulia kisa kama kilivyokuwa, na ndama, na uji, na mzee aliyerudi. Alicheka nilipofika kwenye ndama. Akasema, "Hiki chako ni kizuri kuliko hicho, ila hakina picha." Tangu siku hiyo ananiita ndama mkubwa, na bibi yake amechoka kumkemea.

Barua yako iliyokuja na kitabu nimeisoma pia. Unasema kamati ya vitabu ilitaka mwisho wenye matumaini. Nafahamu kamati, nimefanya kazi nazo, huwa zinataka mambo mengi na mwandishi huchagua la kukubali. Unasema baba yako sasa ni mzee wa kanisa, na alipoisikia rekodi ya simu hakula siku mbili, akakuomba usimwaibishe mbele ya wajukuu zake. Hilo naliamini, na limeniuma kuliko la kamati. Laiti ungeniandikia tu, "Baba mdogo, baba analia." Ningekuambia umwondoe Hermani kabisa. Ngazi ingeondolewa na mjomba yeyote wa kutunga, na mimi nisingelalamika. Aibu ya kaka yangu ningeibeba, nimeshaibeba muda mrefu. Nilikuomba mguu, na mguu peke yake.

Badala yake mmekaa wawili, wewe na yeye, mkakubaliana. Hakuna aliyenitumia hata ujumbe wa simu.

Halafu lile la mwisho. Unanialika Jumamosi baada ya Pasaka, kitabu kizinduliwe shuleni Nambis, nikae mbele karibu na baba yako na Mwalimu Mkuu Tito, watoto wanione. Na kwa kuwa jalada linasema ni kisa cha kweli, na watoto wataniona nikichechemea, unaniomba nikiulizwa niseme kwamba mguu huu uliumia ukubwani, kwa ajali ya gari. Umeandika, "Ni neno dogo tu, baba mdogo, halafu tunakula."

Baba yako alinificha mchana mmoja. Alikuwa kijana, alitaka mke, na alikuwa anaogopa. Nilimsamehe zamani, hata kabla sijaondoka, na nadhani anajua. Wewe hukuwa unaogopa kitu. Ulikuwa na kisa chote mkononi, kwa sauti yangu mwenyewe. Ukanipandisha tena darini, safari hii umevaa miwani ya kusomea, na ngazi umeniomba niiondoe mimi.

Na katika wale watoto wa Nambis watakaokaa chini siku hiyo, yupo wa mguu kama wangu, yupo asiyesikia, yupo aliyeletwa mgongoni na dada yake. Unajua wapo, wewe ndiye uliyeniambia. Niende nikawaambie kwamba nilizaliwa sawa?

Fundi Renatus alikuwa amenitengenezea kiatu kipya kwa ajili ya safari, cha kushoto kina soli nene ya kunyanyua. Alikuwa amekisugua mpaka kinang'aa. Mtaa mzima ulikuwa unajua nakwenda kwetu. Kiatu ni kizuri, kitanifaa kwenda sokoni.

Nimefikiri wiki mbili kabla ya kuandika. Nikija nikasema kweli, namwaibisha kaka yangu mzee mbele ya wajukuu zake, na Mungu anajua sikukaa kimya juu ya mahindi yale ili nije nimvunje leo. Nikija nikasema uongo, nawafanyia wale watoto kile nilichofanyiwa. Nikija nikanyamaza, kitabu kitasema kwa niaba yangu. Sikuona njia ya nne.

Nakala yako nairudisha kwa basi, nimeisahihisha kwa wino mwekundu kama ilivyokuwa kazi yangu. Makosa mawili ya chapa utayaona. Katika jalada nimefuta maneno "kisa cha kweli" na jina langu. Ukurasa wa mwisho sikuugusa, maana haurekebishiki kwa kalamu. Unatakiwa uandikwe upya. Ukiamua kuuandika, maneno ya mama yako unayo kwenye simu. Anza na hayo, usimpe mtu mwingine ayaseme.

Usidhani kwamba nimeacha kukupenda. Wakati ule ulipokaa hapa ulinikatia kucha za mguu huu bila kuuliza na bila kuona kinyaa. Mikono ilikuwa ya mama yako kabisa. Labda ndiyo maana nilikuamini mno.

Mpe baba yako shikamoo yangu. Ni kaka yangu mkubwa, na hilo halifutiki. Mwambie anywe asali ya moto kwa kile kifua, na asikae nje jioni. Usimsomee barua hii. Wasalimie watoto wa nyumba ile kwa mpangilio wao: Hermani, Marieta, Yonas, Evaline.

Ndio wote.

Mungu awape mvua ya kiasi, mlima utulie, na watoto wa darasa lako wakue kila mmoja na mguu wake.

Nambis sitarudi.

Ni mimi baba yako mdogo, ninayekupenda hata sasa,

Maximilian Tluway