Nyasi Zako Juu ya Darasa la Tisa

Baba yetu mpendwa, Timotheo Mbonile, fundi wa kuezeka wa Ruanda, Mbozi: leo, tarehe 22 Novemba 1958, mwaka umetimia tangu ulipotuaga. Mvua za kwanza zimeshaanguka, na Mama bado anakutengea kigoda chako karibu na moto.

Shule yetu ya misheni ilipoanza mwaka 1927 ilikuwa banda moja lisilo na kuta, na paa lake uliliezeka wewe, ukiwa kijana hata mke huna. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne. Baadaye zikaja kuta za udongo, kisha matofali ya kuchoma, kisha mabweni ya shule ya kati. Kila jengo lililosimama, nyasi zake zilipita mikononi mwako. Ulizichagua kwa kunusa, na aliyekuletea zilizokatwa mbichi ulimrudisha nazo angali amejitwika. Ulikuwa mpole kwa watu wote, Baba, ila kwa nyasi mbovu hukuwa na huruma hata kidogo.

Mwaka 1955 tukasikia kwamba shule ingeruhusiwa kufungua darasa la tisa, mwanzo wa sekondari, mradi majengo yaezekwe mabati. Ezron wetu alikuwa darasa la nane. Sekondari nyingine zilikuwa mbali na nafasi zake chache. Bila darasa la tisa hapa, masomo yake yangeishia pale. Ulipanda juu umenuna, ukazivua nyasi zako kwa mikono yako mwenyewe, kisha ukaapa hutatia mguu chini ya mabati yale.

Mvua ya kwanza ilipopiga, mkaguzi wa elimu alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Mabati yaliunguruma. Mwalimu Mkuu Damiano alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na Ezron aliyekaa mbele kabisa hakuambulia neno. Mkaguzi akafunga daftari lake. Alisema atarudi baada ya wiki mbili, na mvua ikimshinda mwalimu tena, darasa la tisa litafunguliwa kwingine.

Jioni ile Mwalimu Damiano alikuja nyumbani, akachuchumaa mlangoni na kupiga makofi ya heshima.

"Mzee, nimekuja kukuangukia."

"Si mlisema nyasi zangu zimepitwa na wakati?" ulimjibu. "Haya, chezeni hiyo ngoma yenu."

Mama alikuwa anasonga ugali, wala hakugeuka. "Baba Ezron, mabati hayana mtoto mle darasani. Wewe unaye."

Asubuhi tulikukuta bondeni unakata matete.

Kiapo chako kilivunjika siku hiyohiyo, na hakuna aliyethubutu kukukumbusha. Siku kumi na moja ulifunga mianzi, ukapanga matete yakawa dari, na juu yake, chini ya mabati, ukalaza nyasi nene. Ulifanya kazi ukiguna, ukiwatania walimu kwamba wamehangaikia paa jipya halafu wanaomba la zamani. Mkaguzi aliporudi, mvua ilinyesha kwelikweli. Wasiwasi ulikuzuia kuingia. Ulisimama nje dirishani, unalowa. Ezron aliulizwa swali, akalijibu, na mkaguzi akamsikia kutoka nyuma. Ulicheka peke yako pale nje, na kicheko kile Mama anakiiga mpaka leo tukavunjika mbavu.

Sasa Ezron yuko darasa la kumi na moja, na shule ina madarasa matatu ya sekondari. Wiki iliyopita mvua ilianza katikati ya somo, katika chumba kilekile. Ezron anasema Mwalimu Damiano alitazama juu darini. Darasa zima likatazama naye. Kisha akaendelea kufundisha kwa sauti yake ya kila siku.

Tunaokukumbuka ni mkeo Felista. Wanao Ezron, Yunisi na Lusungu. Dada yako Elina na jamaa zetu wa ng'ambo ya mpaka. Pia walimu wako uliowatania. Tunakukosa, Baba, lakini tumeridhika.

Nyasi zako hazionekani, ila zipo. Nawe hatutakusahau, kila mvua inaponyesha.