Kipimajoto cha Mureithi

Nekoye, uko? Nimetoka kukutana na Mureithi hapa Mamboleo. Yule Mureithi wetu wa maabara, 1974.

Unakumbuka ni mimi niliyepiga hesabu nikasema ule mkunjo wa molekuli ya RNA utashika hata kwa digrii sitini. Yeye akapasha sampuli moto, ukafunguka kwa hamsini na moja. Bosi akasema kipimajoto chake ni kibovu, na yeye mwenyewe ni mzembe. Akafutwa kazi.

Kipimajoto kilikuwa sawa, Nekoye. Jedwali langu la nguvu za mkunjo lilikuwa la digrii ishirini na tano, na mimi nikalitumia vile vile kwa sitini, ilhali nguvu hizo hupungua joto likipanda. Niligundua wiki hiyo hiyo. Nikanyamaza.

Sasa leo amenishika mkono mbele ya mke wake. Ameniomba msamaha. Yeye, aniombe mimi.

"Agneta, kile kipimajoto changu kiliharibu kazi yako. Imenisumbua miaka yote hii."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilishaufungua.

Nikamwambia, "Hayo yaliisha, Mureithi. Nilishakusamehe."

Nilishakusamehe. Mimi huyu.

Akanishukuru mpaka machozi yakamtoka.