Sahani za Mama za Ohio

Rawdah, Jeddah

Kaka Haroub,

Assalam alaikum. Sisi wazima, ila joto linatutesa. Wanao huko Riyadh hawajambo?

Mama bado hagusi chakula mpaka aigeuze sahani asome muhuri wa chini. Juzi wakwe wa binti yangu Nada walimtolea sahani kongwe za Kimarekani, maana wanajua anavyozikusanya. Akaigeuza yake na wali juu! Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Yeye mkavu: "Ya Ohio hii. Kiwanda chake kishafungwa zamani." Akawaeleza udongo ulivyochomwa mara mbili, kwanza mtupu, kisha umepakwa ule mng'aro wake. Hakukosea hata neno.

Njiani kurudi akaniuliza, kwa adabu kabisa, mimi ni binti wa nani.

Usishituke. Anakula, analala. Na ile sahani yake ya kijani anakuwekea wewe kila mchana, "ya Haroub," hataki mtu aiguse.

Njoo, kaka yangu. Ukifika mlangoni, kabla hujamwamkia, niite jina langu kwa sauti, alisikie.

Mdogo wako akupendaye,
Nunu